Ujira wa Hatari

Ukisimama pwani ya Kibuyuni maji yakiwa yamekupwa, utawaona wanawake wakitoka baharini na mafurushi ya mwani vichwani, mabega yakiwachuruzika maji ya chumvi. Kila niwaonapo, huwakumbuka wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maana vita hivyo, msomaji, vilifika kwetu. Gazi palipiganwa Oktoba 1914, na Jasini, ng'ambo ya Vanga, Januari 1915.

Shuleni tulifanya mdahalo: ni nani astahiliye kulipwa ujira wa vitani? Mimi nilishika upande wa askari. Nikasema kwa kishindo kwamba ujira huo ni haki ya mwenye bunduki peke yake. Nikapigiwa makofi. Niliporudi nyumbani nikamsimulia bibi, naye akauliza, “Mjukuu wangu, huyo askari wako siku hiyo alikula nini, na nani alimchukulia?” Sikuwa na jibu.

Tangu hapo nimesoma habari za wapagazi. Mpagazi alitwikwa sanduku la risasi au mfuko wa unga, akawafuata askari wa Keya katika matope na mbung'o. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilipita 40,000, walio wengi kwa kuhara damu na maradhi mengine. Nao waliokusanywa kwa nguvu mwaka 1917 walilipwa rupia 5 kwa mwezi, baadaye 6, chini ya askari, na chini hata ya wapagazi wa mwanzo wa vita. Kwani masetla walichelea kwamba ujira mkubwa ungewapandishia gharama ya vibarua mashambani.

Utaniuliza, je, na karani aliyekaa Mombasa kivulini alipwe vivyo hivyo? La. Yeye jioni alirudi kwake. Mimi nampimia mtu kwa mahali alipopelekwa, si kwa kitu alichoshika mkononi. Na aliyeuawa na homa porini kwa amri ya jeshi, kwangu mimi ameuawa vitani. Najua askari atasema kwamba yeye hakuruhusiwa kukimbia. Mpagazi naye alipokimbia alisakwa, akaadhibiwa.

Wengi walikufa mishahara yao ingali hazinani. Majina yalikuwa yameandikwa ovyo, wenyewe hawakujulikana kwao ni wapi, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwafikia warithi.