Migono ya Wagenya

Kisangani ni mji mkubwa: una kanisa kuu kando ya mto, una chuo kikuu tangu mwaka 1963, una masoko na bandari. Lakini mgeni afikaye huko hakosi kuelekezwa nje kidogo ya mji, upande wa mashariki, panapokaa wavuvi waitwao Wagenya. Leo, wasomaji wapenzi, na twende pamoja mpaka kijijini kwao. Tusiende kutazama tu, bali kujifunza pia.

Kabla ya kuingia kijijini, tuutazame mto. Kutoka Ubundu mpaka Kisangani, katika mwendo wa kilomita 100 hivi, maji hupita maporomoko saba na kuteremka mita 60 kwa jumla. Poromoko la saba ndilo la Wagenya. Juu ya maporomoko hayo mto huitwa Lualaba. Chini yake huitwa Kongo, nazo meli huweza kushuka zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kinshasa. Kupanda juu, haziwezi. Ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 125 kwenye ukingo wa kushoto, ikamalizika mwaka 1906, ili mizigo ifike Ubundu kwa njia ya nchi kavu. Basi mahali palipowashinda wenye meli, hapo hapo Wagenya walipata riziki yao.

Tazameni sasa kazi yao. Katika mwamba wa mto mna mashimo yaliyochongwa na nguvu ya maji yenyewe kwa miaka mingi sana. Wagenya husimamisha ndani yake magogo marefu, matatu matatu, vichwa vyake vikikutana juu, kisha huyafunga kwa kamba za mwituni. Hakuna msumari hata mmoja. Magogo mengine hulazwa kutoka nguzo hizi mpaka nguzo zile, hata mto huonekana kama umejengewa daraja lisilokwisha. Katika jengo hilo hufungwa migono, yaani vikapu vikubwa vya kutegea samaki, vipana mdomoni na vyembamba mwishoni. Vingine hupita urefu wa mtu. Mgono hushushwa pale maji yanapokimbia kwa ukali. Samaki akichukuliwa na mkondo huingia ndani, na nguvu ya maji humzuia asigeuke. Mara mbili kwa siku wavuvi huenda kutazama, wakitembea juu ya magogo yenye utelezi, huku maji yakinguruma chini ya miguu yao. Ikiwa samaki amenaswa, mtu hujitosa majini amtoe.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Nani awezaye kusimamisha gogo peke yake katikati ya mkondo? Ndugu hukata miti pamoja, huivuta pamoja, huisimamisha pamoja. Mahali pa kutegea pana wenyewe pia: ni mali ya ukoo, baba akimwachia mtoto. Kijana apewaye mahali pale amepewa deni pamoja na mali, kwa kuwa jengo lisipotengenezwa kila mara, mto hulichukua.

Liko jambo moja tunaloomba mlishike kuliko yote. Mgono umesukwa kwa nafasi pana. Samaki mkubwa hubaki ndani, lakini mdogo hupenya, akaenda zake kukua na kuzaa. Hivyo mtego wenyewe humfundisha mvuvi kutokula leo chakula cha kesho. Ndiyo maana watu wengi waliweza kuvua mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, wala mto usiwakaukie.

Nao walikuwapo kabla ya mji. Stanley alipofika mwezi wa Januari 1877 na kushindana na maporomoko hayo, watu wa mto walikwisha kukaa hapo zamani. Mwezi wa Desemba 1883 alirudi akaweka kituo juu ya kisiwa karibu na maporomoko. Kisha Hamed bin Muhammad wa Unguja, aliyeitwa Tippu Tip, alifanywa liwali wa nchi hiyo mwaka 1887 na mfalme Leopold wa pili. Watu wake walileta biashara ya pembe na ya watumwa, yenye machozi mengi, na walileta pia lugha ya Kiswahili ambayo ingali ikisemwa huko. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli chini kidogo ya mto. Mji uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, ukaitwa tena Kisangani, yaani mahali pa kisiwa. Ulionja vita vikali mwaka 1964; tena mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana humo kwa siku sita na kuua mamia ya raia. Katika mambo hayo yote majina yalibadilika, wakubwa walikuja na kuondoka, na migono iliendelea kushushwa majini.

Je, itaendelea? Hapa tuseme wazi, maana si vema kusifu tu. Mji umekua sana, na watu wengi hutafuta kitoweo mtoni. Wako wavuao kwa nyavu zenye matundu madogo mno, hata kwa vyandarua vya mbu, wakizoa vifaranga vya samaki pamoja na mama zao. Mtu mwenye njaa tusimhukumu upesi. Lakini mgono humwacha mdogo apite bure, ikiwa hatua chache mbele yake wavu unamngoja. Uvumilivu wa kijiji kimoja hautoshi kuulinda mto wa wote. Tena miti mirefu ya kusimamisha nguzo haipatikani karibu na mji uliokwisha kufyeka misitu yake. Na vijana waliosoma hutafuta kazi nyingine, jambo ambalo nalo si kosa: mzazi gani asiyefurahi mtoto wake akijua kalamu?

Lakini kalamu na mgono si maadui. Ninyi wanafunzi mlio na babu wavuvi, siku za likizo shukeni nao mpaka mwambani. Waulizeni jina la kila samaki, la kila kamba, la kila gogo, nanyi mwandike katika daftari zenu, kwa maana jambo lisilosemwa tena na mtu yeyote hufa pamoja na mzee wa mwisho aliyelijua. Nanyi mama mnaokwenda sokoni, kataeni kununua samaki wasiozidi kidole. Muuzaji asiyepata mnunuzi atauacha wavu huo upesi kuliko kwa amri ya serikali.

Mkipita Kisangani, nendeni kwa Wagenya. Salimieni wazee kwanza, ombeni ruhusa, mlipe kwa haki anayewaonyesha kazi yake. Kisha hesabuni nafasi zilizoachwa kati ya fito na fito za mgono mmoja. Katika nafasi zile hupita chakula cha watoto ambao hawajazaliwa.