Kovu Nililolifuta

Baba yangu ni askari polisi mstaafu, na Kiswahili chake alikipata kambini. Nilipomwambia kwamba nataka kusomea ubunifu wa michoro, hakunikataza. Alinitolea methali tu: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kisha akaniuliza: kama chema hujiuza chenyewe, wewe utalipwa kwa kazi gani? Sikuwa na jibu. Nilicheka, naye akacheka, akalipa ada, na swali likabaki palepale.

Sasa niko mwaka wa tatu Makerere, katika shule ya sanaa inayoitwa kwa jina la Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza kufundisha sanaa hapo miaka ya 1930. Kama wenzangu wote, ninatayarisha jalada la kazi zangu. Katika fani yetu jalada ndilo linalosema zaidi ya cheti. Anayetafuta mbunifu hulifungua, akafunua kurasa sita au saba, akaamua. Ndiyo maana tunakesha nalo kama watu wanaolea mtoto.

Mwishoni mwa mwaka wa pili jalada langu lilikuwa na kurasa ishirini, na nililionea fahari. Ndani yake mlikuwa na nembo ya shirika la ndege ambalo halipo, chupa ya manukato ambayo hayajawahi kunukia popote, na pakiti ya kahawa niliyoipenda kuliko vyote. Pakiti hiyo niliipamba kwa picha ya lubugo, nguo ya Waganda inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Gome hupondwa kwa nyundo za mbao hadi liwe laini, nalo hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Nilijua kuwa UNESCO iliitambua sanaa hiyo mwaka 2005. Nilidhani kujua hayo kunatosha.

Mhadhiri wetu alilipitia jalada lile polepole, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza swali moja: "Katika wateja wako wote hawa, ni yupi aliyewahi kukukatalia?"

Hakuna. Wote niliwatunga mwenyewe, na mteja wa kutunga ana adabu sana.

Ulipofika wakati wa mafunzo ya vitendo, baadhi ya wenzangu walipata nafasi katika kampuni za matangazo zenye viyoyozi. Mimi nilipata duka dogo la uchapaji Nasser Road, katikati ya Kampala. Anayeijua barabara hiyo anajua kelele zake: mashine zinagonga tangu asubuhi, vijana wanapita na maboksi ya karatasi kichwani, na ukutani kumebandikwa kalenda na mabango ya kila namna. Kadi za harusi, vitabu vya stakabadhi, kalenda za makanisa, mabango ya uchaguzi, vyote huzaliwa hapo. Nilikwenda nikiwa nimenuna.

Juma la kwanza niligundua kwamba sijui kitu. Nilileta kadi yenye buluu iliyowaka kwenye kioo cha kompyuta, ikatoka kwenye karatasi imefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Darasani nilifundishwa sababu yake nikaijibu kwenye mtihani: kioo hutoa mwanga, karatasi haitoi, huku ni wino nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi, zinazochanganywa. Lakini kujibu mtihani ni kitu kimoja, na kumtazama bwana harusi anayeuliza buluu yake imekwenda wapi ni kitu kingine. Nilijifunza kuacha milimita 3 za ziada kila upande, kwa sababu kisu cha kukatia karatasi hakina huruma na pambo lililofika ukingoni kabisa. Nilijifunza kuwa kijitabu cha kukunja na kubana katikati huhesabiwa kwa kurasa nne nne. Mteja akileta habari za kurasa tisa, mnazungumza: zipungue ziwe nane, au ziongezwe zifike kumi na mbili.

Siku moja nilimwonyesha mzee aliyekuwa akiendesha mashine ile pakiti yangu ya kahawa. Aliiangalia, akafuta mikono yenye wino, akaiangalia tena.

"Binti, kahawa hii mbona umeivika sanda?"

Nilibabaika. Akanieleza kwamba baba yake alizikwa akiwa amefungwa kwa lubugo, na kwamba kwake yeye rangi ile kwanza ni kaburi, ndipo iwe kitu kingine. Nikamjibu kuwa siku hizi watu hushona mikoba na kofia kwa lubugo. Akakubali. "Sikusema ni mwiko," akasema. "Ukiitumia, itumie ukijua."

Nilidhani nimemwelewa. Majuma mawili baadaye ilidhihirika kwamba sikuelewa kitu.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Waliingia ndugu watatu waliofiwa na mama yao. Mazishi yalikuwa kesho yake kijijini, upande wa Masaka, nao walitaka vijitabu 200 vya ratiba ya mazishi, vya kurasa nane. Picha waliyokuwa nayo ilipigwa kwa simu kwenye harusi ya mtu. Mama yao alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya watu wengi, kichwani kitambaa, na begani mkono wa mtu ambaye sura yake haikuonekana. Waliniachia picha na maandishi, wakaenda kutafuta mahitaji mengine ya msiba.

Nilifanya kazi kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniuma. Nilimtenga mama yule na umati, nikaondoa kiti, nikaufuta ule mkono. Kisha, kwa kuwa nilikuwa najua namna ya kufanya, nikaendelea. Nikalainisha mikunjo ya paji la uso. Nikang'arisha macho. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na alama, ngozi imekunjamana, nikaifuta nayo. Dakika chache tu. Nilipomaliza nilimwona mama mzuri, mwenye uso mwororo, nikajisikia nimemfanyia hisani.

Duka letu lilikuwa na kanuni moja: nakala ya kwanza humsubiri mteja aitazame na kuitia sahihi. Bosi alikuwa ametoka kufuata karatasi. Usiku ulikuwa unakwenda, wateja hawajarudi, nami nilitaka wakute kazi iko tayari. Nikachapa majalada yote 200.

Dada mkubwa alirudi saa nne usiku. Nilimpa nakala kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu, nami nikasubiri asante.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni nani?"

Nikadhani ni machozi yanayomsumbua. Akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya jicho la kushoto. "Hapa pana kovu. Liko wapi?" Akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba alipokuwa mtoto aliangusha taa ya mafuta ndani ya nyumba, na mama yake akaungua alipomtoa. Wadogo zake waliukuta uso ule ukiwa hivyo, hawajawahi kuujua mwingine. "Umempendezesha," akasema. "Lakini kesho watu watauliza tunazika nani."

Kisha akauliza mkono ulikwenda wapi. Nikamwambia niliufuta, ulikuwa wa mtu aliyesimama nyuma. "Ni wa mama mdogo," akasema. "Urudishe."

Bosi aliporudi hakunifokea. Tulichapa majalada upya, kovu likiwa mahali pake na mkono begani, tukamaliza usiku wa manane. Gharama ya karatasi na wino ilikatwa kwenye posho yangu ya nauli, na juma lile nilitembea kwa miguu. Kesho yake bosi alinionyesha msumari ukutani uliotundikwa nakala zenye sahihi za wateja. Nilikuwa nikifikiri zinamlinda yeye watu wasije wakamdai. Akasema, "Hizi ni za mteja. Ni nafasi yake ya kusema hapana kabla hatujachelewa."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Shuleni nilijiandaa kwa kazi kwa kujifunza kuongeza: rangi, kivuli, mng'ao, pambo. Hakuna ubaya, mikono lazima ijue. Lakini usiku ule ujuzi wangu ndio uliofanya kosa. Asiyejua kufuta kovu asingelifuta. Aliyejua alipaswa kuuliza kwanza, na kuuliza hakumo katika programu yoyote ya kompyuta. Niliona alama kwenye ngozi na nikaiita kasoro, kama nilivyoona lubugo na kuiita pambo. Mara zote mbili wenyewe walikuwepo, na sikuwauliza.

Jalada langu sasa lina kurasa tisa. Shirika la ndege limekwenda na manukato yake. Kahawa nimeiacha nje mpaka nipate la kusema juu yake. Nilimpigia simu yule dada baada ya miezi miwili, nikamwomba ruhusa ya kuonyesha kijitabu cha mama yake. Alifikiri kidogo, akasema mpangilio wa kurasa nionyeshe, uso usionyeshe. Basi ukurasa wangu wa nne una jalada la kijitabu lenye nafasi tupu ya mraba mahali pa picha. Mwenzangu mmoja aliniambia kazi hiyo inaonekana haijakamilika, na kwamba mwajiri atauliza. Nataka aulize.

Likizo iliyopita nilimwonyesha baba. Alifika ukurasa wa nne akasimama.

"Picha iko wapi?"

"Wenyewe wamekataa."

Nikamsimulia kisa chote. Nikamwambia pia kuwa nimeanza kupata jibu la methali yake: chema hujiuza mbele ya wanaokijua, kama kovu lile lilivyojulikana na watoto wake, kazi yangu ni kukifikisha kwa wengine bila kukibadilisha sura. Alinisikiliza kama anayeandika maelezo ya shahidi. Mwisho akauliza, "Na walikulipa shilingi ngapi?"

"Nilikatwa nauli ya juma zima."

Alicheka hadi akakohoa. "Basi," akasema, "kazi umeianza."