Nilimfungia Waifai Nikijua Ni Zilipendwa Wangu, Kumbe Namfungia Mtoto wa Watu

Jamani, hili jambo nimekaa nalo tangu mwaka jana mwezi wa nane na sijamwambia mtu zaidi ya mdogo wangu. Leo nalitoa. Mnicheke, mniseme, ila someni mpaka mwisho, maana humo ndani kuna darasa la bure la kufunga waifai.

Mwenzenu naishi Ipagala, hapa hapa Dodoma. Geti moja, wapangaji sita, mimi nina chumba na sebule upande wa mbele. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, sendofu na kichen pati. Kwa hiyo intaneti kwangu siyo ya umbea tu (na umbea naufuatilia, nisiwadanganye), ndo inayonilipia kodi. Harusi moja tu mafaili yake yanajaza simu ya mtu, na yote lazima niyapandishe mtandaoni ili wenye harusi wayapate.

Ruta yangu alinifungia mwanaume niliyekuwa naye. Tumuite Fundi, maana ni fundi netiweki kweli, wa kupanda nguzo na kubeba drili. Alikuja Jumamosi moja, akatoboa ukuta, akaning'iniza ruta juu ya kabati, nusu saa taa zote za kijani zinawaka. Nikamuuliza, hivi nikitaka kuingia mwenyewe kwenye mipangilio ya ruta naingiaje? Akacheka. "We tumia tu mama, hayo mengine niachie mimi." Nikaona raha. Nikasema hapa sasa nimependwa.

Tukaachana mwezi wa tano. Sitaeleza kwa nini, maana na yeye ana watu wake wanaosoma huku. Alichukua nguo zake, spika yake na viatu. Waifai hakuichukua, nikajua tumemalizana.

Mwezi wa saba intaneti ikaanza kuzubaa. Nawajua mtasema mtandao ni wa nchi nzima. Hapana. Kuna siku kama Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, tukazubaa wote Tanzania nzima na majirani zetu, hapo humlaumu mtu. Hii ilikuwa ya kwangu peke yangu. Na Bunge la Bajeti lilishaisha, wageni wameshaondoka mjini, kwa hiyo hata kusingizia kwamba Dodoma imejaa sikuweza.

Halafu kukawa na kitu kingine. Usiku, upepo wetu ule wa kipupwe ukivuma, nasikia kama mtu yuko nje ya dirisha langu, upande wa tenki la maji. Nikichungulia, kimya.

Mdogo wangu anayesoma UDOM akaniambia, "Dada, si uingie kwenye ruta uone nani yumo?" Nikamwambia sijui kuingia. Akasema igeuze, chini kuna stika. Kweli bana, stika ipo: 192.168.1.1, jina la mtumiaji admin, pasiwedi admin. Nikaiandika ile namba kwenye brauza kama unavyoandika anwani ya tovuti, nikajaza admin na admin, mlango ukafunguka. Nilichoka! Yaani Fundi mzima, na cheti chake, aliniachia kufuli yenye ufunguo wa kiwandani, ambao kila aliyewahi kushika ruta anaweza kuubahatisha.

Mle ndani kuna ukurasa wa vifaa vilivyounganishwa. Simu yangu, kompyuta yangu, TV yangu. Na simu ya nne, itel, siijui. Nikaanza kuamka usiku kuchungulia. Siku nne mfululizo: inaingia kwenye saa sita usiku, inatoka kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa akili yangu ilienda wapi? Kwa zilipendwa, moja kwa moja. Fundi ana rafiki yake chumba cha mwisho humu humu getini. Nikajua anakuja usiku kwa rafiki yake, anakaa nje ya dirisha langu, anakula bando langu na kusoma meseji zangu. Nilishamhukumu, imebaki kunyonga tu.

Niwape ukweli ambao niliusoma baadaye. Mtu aliye kwenye waifai yako hasomi meseji zako za WhatsApp, zile zinafungwa kwenye simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya unayemwandikia. Lakini mwenye ufunguo wa ruta yenyewe ni habari nyingine. Anaweza kukubadilishia pasiwedi ukabaki nje, au kuielekeza ruta ikupeleke kwenye tovuti feki. Kwa hiyo hofu yangu haikuwa uchizi wote.

Alhamisi usiku nikafanya usafi. Nawapa kama nilivyofanya, maana najua nusu yenu mna Fundi wenu.

Kwanza, nikabadilisha pasiwedi ya admin. Hii ni ya ruta yenyewe, siyo ile ya waifai, na wengi hatujui kwamba ni vitu viwili. Pili, pasiwedi ya waifai. Inataka herufi 8 kwenda juu, mwisho 63, kwa hiyo acha kuweka namba ya simu, weka sentensi nzima. Kwenye ulinzi nikachagua WPA2. Kama ruta yako ina WPA3, iliyotangazwa 2018, chukua hiyo, na ukiona WEP ikimbie, ilishavunjwa siku nyingi. Tatu, nikazima WPS, ile ya kubonyeza kitufe au kuingiza namba 8, maana ile namba inabahatishika. Nne, nikazima uendeshaji wa mbali, ule unaomruhusu mtu aingie kwenye ruta yako akiwa hata Kigoma.

Mwisho, jina. Waifai yetu ilikuwa na herufi za majina yetu mawili na kopa katikati. Nikafuta. Nikaandika kwa herufi kubwa: NUNUA YAKO.

Nikalala kama mtoto mchanga.

Ijumaa intaneti ilikimbia, nikajisifia. Jumamosi ikazubaa tena vile vile. Itel haipo, Fundi hayupo, video haipandi. Mdogo wangu akaja na programu ya kupima mawimbi kwenye simu yake: waifai tisa za majirani, karibu zote zimerundikana chaneli ya 6, na mimi nipo humo humo. Ni kama watu tisa wanaongea kwenye chumba kimoja, kila mmoja anasubiri mwenzake anyamaze. Kwenye masafa ya 2.4 GHz, chaneli ambazo hazigongani ni 1, 6 na 11. Nikahamia 11. Ikapona. Yaani shida yangu yote ilikuwa kubonyeza mara tatu, na yule mwizi niliyemkamata hakuwa hata chanzo.

Jumapili asubuhi nikaenda kununua maandazi kwa mama wa chumba cha pili toka getini. Ni mpole sana yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanifungia maandazi yangu. Hakuniangalia usoni. "Mwenzio ndani hali tangu juzi."

Mwenzangu ni binti yake, kamaliza kidato cha sita mwaka ule. Nikauliza anaumwa nini. Mama akasema haumwi, dirisha la kuomba chuo limemfungia.

Nikasimama pale na mfuko wangu wa maandazi naanza kuelewa kitu kimoja kimoja, na kila kimoja kinaniuma.

Ile itel ni simu ya mama. Mchana anaondoka nayo, ndo ya biashara, ya kupokelea oda na hela. Binti anaipata usiku mama akishalala. Chumbani kwao waifai yangu haifiki, kuta za tofali na lile tenki la maji lipo katikati, na maji yanameza mawimbi kuliko ukuta. Kwa hiyo alikuwa anatoka na kanga, kwenye baridi ile, anajibanza kati ya tenki na dirisha langu, anasoma sifa za kozi na kujaza fomu. Pasiwedi alipewa na Fundi. Alimwona anaenda steshenari kila siku kulipia, akamwandikia kwenye daftari, akamwambia, "Ila mwambie dada yako." Hakuniambia. Aliniogopa. Nimekaa naye geti moja miaka miwili, na jina lake nililijua siku ile. Kwangu alikuwa "we binti wa maandazi".

Alhamisi usiku alitoka kwenda kumalizia maombi. Awamu ya kwanza ya udahili inafungwa Ijumaa. Akawasha simu, akakuta NUNUA YAKO.

Ijumaa alienda steshenari. Foleni, mfumo mzito, kila mtu amesubiri siku ya mwisho. Jioni likafungwa hajamaliza.

Mtasema angeanza mapema. Mtasema si mali yako, ungeweza kufunga muda wowote. Vyote ni kweli, na hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haipendi mtu aingie kwenye mfumo wa mwenzake bila ruhusa. Nimejitetea hivyo hivyo kichwani mara mia. Haisaidii ukimwona mtoto macho yamevimba.

Nilimwita kwangu akatumia kompyuta yangu, awamu ya pili akaomba. Alipata chuo. Uuguzi aliokuwa anautaka ulikuwa umeshajaa pale alipopataka, akapata kozi nyingine. Siwezi kulirembesha hilo.

Kilichobaki nikasema niwafungie watu wa uani waifai inayofika. Bibi mwenye nyumba, Mgogo wa hapa hapa, alisema sawa ilimradi sitoboi ukuta wake mpya. Mdogo wangu akaniletea ruta ya zamani ya hosteli, na safari hii nikamwambia asiguse, anielekeze tu. Kuigeuza ruta ya zamani kuwa aksesi pointi ni hivi: unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya, unaibadilisha namba yake isigongane na ruta kubwa, mimi nikaipa 192.168.1.2. Unazima DHCP. Unaweka jina na pasiwedi, unachagua chaneli tofauti, nikaipa 1 kwa sababu kubwa ipo 11. Halafu unavuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kubwa kwenda tundu la LAN la ndogo, siyo lile la WAN lenye rangi yake. Waya wangu ulikuwa mita 20, na ule wa kawaida unaenda mpaka 100 bila shida.

Unajua nilisahau nini? Kuzima DHCP. Geti zima likaamka na waifai iliyoshika na intaneti hakuna. DHCP ndo inayogawa namba kwa kila simu na kuielekeza njia ya kutokea. Nikawa na makondakta wawili kwenye basi moja la Dar: mmoja anakata tiketi za basi linaloondoka, mwingine anakata za basi bovu lililoegeshwa, na abiria hajui kapata ya nani. Nikarudi, nikazima ya ruta ndogo, kondakta akabaki mmoja. Ikatembea.

Ile ruta ya zamani haina uwezo wa kuwatenga wageni na mwenye nyumba, kwa hiyo kompyuta yangu niliiambia huo ni mtandao wa umma, isimwonyeshe mtu mafaili. Hela silipishi. Kuuza intaneti ni biashara ya leseni ya TCRA, na mimi biashara yangu ni harusi. Wapangaji wenyewe wameamua kunichangia umeme wa LUKU, na mama wa maandazi ananipa mawili ya juu kila asubuhi hata nikikataa.

Fundi nilimtumia meseji moja: asante kwa ulivyomsaidia yule mtoto. Akajibu, "Poa. Pasiwedi mpya ni ipi?" Sikumpa. Kwenye lile alinizidi utu, lakini ufunguo wa ruta yangu sasa nakaa nao mwenyewe.

Binti alirudi likizo mwezi wa pili. Siku hiyo niko nahariri, nikafungua orodha ya vifaa kama kawaida yangu, nikaona simu mpya, imeandikwa jina lake kamili. Dakika mbili baadaye akagonga.

"Shikamoo dada Nunua Yako."

Nimeshabadilisha lile jina zamani. Yeye ameamua kutolibadilisha, na mimi naitika.

Haya, semeni. Ungekuwa wewe ungefunga au ungeuliza kwanza? Na pasiwedi ya admin ya ruta yako, kabla hujanijibu, nani anayo?