Inchi Mbili Juu ya Udongo wa Tana

Atokaye Malindi kuelekea kaskazini huvuka daraja la Sabaki, akaipita Mambrui, akayaona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha akasafiri katika nchi tambarare mpaka Minjila. Hapo njia hugawika mbili: moja yaendelea Garsen na Hola, na nyingine yakata kulia kwenda Lamu kupitia Gamba na Witu. Wengi wetu twaikumbuka njia hiyo ya Lamu ilipokuwa mchanga na matope, basi likilala porini na abiria wakigawana tende gizani. Siku hizi imetiwa lami, nasi twamshukuru Mola kwa hilo. Lakini lami ni mstari mmoja tu katika bonde pana. Ukishaiacha ukaenda Kipini, pale Mto Tana uingiapo baharini, au ukashuka kwenye vijiji vya Wapokomo na maboma ya Waorma, utarudi katika enzi ya udongo.

Udongo wenyewe ni mweusi, wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua za masika zikinyesha huvimba, ukateleza kama sabuni na kunata kama gundi. Matrekta na malori hupita kungali na unyevu, yakaacha mikondo miwili ya magurudumu na tuta katikati. Jua likirudi, tuta hilo huwa gumu kama tofali lililochomwa, na gari lililo chini likifuata mikondo ile, tumbo lake hulima tuta kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho.

Madrasa yetu ina pikapu moja, Toyota Hilux ya milango minne, iliyonunuliwa kwa michango ya waumini na kuwekwa wakfu. Kila mwezi hupeleka misahafu, madaftari, unga na mitungi ya maji katika vyuo vidogo vya bondeni. Irudipo humchukua yeyote mwenye haja: mzee wa kwenda kliniki, mama mjamzito, mara nyingine jeneza. Huko bondeni gari likikwama, anayelisubiri mwisho wa njia huenda ni mgonjwa. Kwa sababu hiyo kamati ilipokaa kuzungumzia kuliinua gari, haikuwa kwa ajili ya urembo. Na kwa kuwa ni mali ya wakfu, kila aliyesema alitakiwa aonyeshe maslahi yaliyomo.

Vijana wa kamati walitaka inchi 4 na magurudumu makubwa kama ya magari ya mashindano. Tulimwendea fundi mmoja wa Malindi, mtu mzima, aliyezeeka chini ya magari. Aliwasikiliza vijana mpaka wakamaliza, kisha akatugeukia.

“Maalim, siku ya kawaida mwalipakia kilo ngapi?”

Tukamjibu kwamba aghalabu ni kilo 300, na watu watano ndani.

“Na nani hupanda?”

Tukamwambia: wazee, wanawake, watoto.

“Basi ni inchi 2. Zaidi ya hapo, mtalipa kwa vyuma vingine na kwa shingo zenu.”

Tulimwomba atueleze, naye akaeleza kwa namna ambayo hata sisi tuliosomea nahau na fikihi tuliielewa. Mbele, kila gurudumu la gari hili husimama peke yake juu ya springi ya mviringo, na gia ya kugawa nguvu, yaani difu, imefungwa kwenye fremu. Springi ikiwa ndefu, fremu huinuka, na difu ya mbele huinuka pamoja nayo. Lakini shafti ziendazo kwenye magurudumu haziinuki upande wa nje, kwa hiyo hukaa mshazari. Kwa inchi 2 viungio vyake huvumilia. Kwa inchi 4 bila ya vyuma vya ziada, mipira yake hupasuka, vumbi huingia, na kiungio hufa njiani.

Nyuma mambo ni tofauti. Huko kuna ekseli nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu, iliyoning'inizwa kwa springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukibadilisha springi hizo, bodi huinuka, lakini difu ya nyuma hubaki palepale ilipokuwa, kwa sababu imelala juu ya magurudumu. Hilo ni tairi tu liwezalo kuliinua, na tairi lililozidi inchi 1 kwa kipenyo humpa mtu nusu inchi peke yake. Tena tairi kubwa huidanganya saa ya mwendo. Mzunguko ukizidi kwa asilimia 5, saa ikionyesha 80 gari lakwenda 84. Tukaafikiana: inchi 2, matairi ya kipimo kilekile, ila yenye meno ya matope.

Kazi ilianza asubuhi ikaisha baada ya alasiri. Springi za zamani zilitolewa, za mbele kwa kubanwa na chombo maalumu, kwani springi iliyobanwa ikiponyoka huweza kuua. Zikatiwa mpya, pamoja na shokabsoba ndefu zaidi, zile zinazotuliza mrukoruko wa gari. Mambo mawili tuliyashuhudia ambayo fundi mwenye haraka angeyaacha. Kwanza, boliti zinazopita katika mipira ya springi hakuzikaza gari likiwa limening'inia. Alilishusha, akaliacha lisimame kwa uzito wake, ndipo akazikaza, kwa sababu mpira uliokazwa ukiwa umejipinda hukatika upesi. Pili, alikwenda kwenye vali ya breki za nyuma. Katika Hilux yetu kuna ufito unaounganisha vali hiyo na ekseli. Mzigo ukizidi, bodi hushuka, ufito husogea, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Gari likiinuliwa na ufito ukaachwa vilevile, vali hudhani gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma hubaki dhaifu hata likiwa limejaa. Fundi akachomelea kipande cha chuma kuurudisha ufito mahali pake. Kisha alipima mipira ya breki kama yafika bila kuvutika, akalipeleka gari kunyooshwa magurudumu, na jioni akaziinamisha taa zisiwapofue wanaotujia. Alituagiza turudi baada ya kilomita 500 boliti zikazwe tena. Sisi nasi tukamwarifu mwenye bima, kwani bima ya gari lililobadilishwa bila taarifa huweza kukataa kulipa siku ya haja.

Kuishi na gari lililoinuliwa ni elimu nyingine. Likiwa tupu ni gumu, na kwenye njia ya vijituta kama bati la paa humtikisa mtu mpaka meno. Likibeba zile kilo 300 hutulia, kwa kuwa springi zake zilichaguliwa kwa mzigo huo. Kwenye kona huegemea zaidi kuliko zamani, maana uzito wake wote umepanda juu. Ndiyo maana vitu vizito huwekwa chini na karibu na kibini, wala hakuna anayeruhusiwa kusimama nyuma. Wako waliodhani kwamba springi nene zimeongeza uwezo wa kubeba. Hazikuongeza. Fremu, ekseli na breki ni zilezile zilizotoka kiwandani, na kikomo cha mzigo ni kilekile.

Juma la kwanza tu bondeni, nyanya mmoja wa Kipini, anayetembelea mkongojo, alisimama mlangoni akaangalia juu, akasema: “Maalim, gari mmelipandisha. Na sisi je?” Hapakuwa na jibu isipokuwa kazi. Mchomeleaji akaweka kidato cha chuma kila upande, na seremala akatengeneza kigoda kipana kinachokaa nyuma ya kiti cha dereva. Tangu siku hiyo kigoda hushuka kwanza, kisha ndiyo abiria.

Jaribio lenyewe lilikuja usiku mmoja wa mwezi wa Mei. Tuliitwa kijiji kimoja upande wa Kipini, kuna mama ameshikwa na uchungu tangu adhuhuri na mkunga hapendezwi na hali yake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Tulikwenda pamoja na dereva wetu, kijana mtaratibu. Mahali ambapo mwaka uliotangulia gari lililala juu ya tuta, magurudumu yakizunguka bure, safari hii lilipita bila kugusa. Mama akapandishwa kwa kigoda, mkunga kando yake, mumewe na shemeji yake kiti cha mbele na nyuma, tukageuza.

Kiasi cha nusu ya njia tukakuta mkondo wa mto umefurika na kuikata barabara. Zamani ungekuwa mfereji wa kurukwa. Dereva akasimamisha gari, akakunja suruali, akaingia na fimbo kwa mwanga wa taa. Maji yalimfika pajani, nayo yalikuwa yakienda kwa kasi. Akarudi akasema hapiti.

Shemeji wa mgonjwa akapandisha sauti: “Gari refu namna hii mwaogopa nini? Mtu wetu atufia hapa!”

Dereva akamjibu kwa adabu: “Kaka, urefu huu ni wa matope. Maji yaendayo hayapimwi kwa urefu.”

Alisema kweli. Maji ya mwendo yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyaelea na kuyasukuma magari mengi, pikapu zikiwamo, na inchi 2 za springi hazibadilishi jambo hilo. Watu wa Tana hawahitaji kuambiwa mara mbili: mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata hata barabara ya lami ya Lamu, maeneo ya Gamba na Lango la Simba. Tuliunga mkono neno la dereva, na yule shemeji akanyamaza kwa hasira. Mkunga akatuonyesha njia ya juu inayozunguka mashamba ya miembe, ndefu zaidi na yenye matope mazito. Tukaishika hiyo. Mara mbili gari lilizama mpaka kwenye ekseli, na mara zote mbili tumbo halikukalia tuta, meno ya tairi yakashika, tukatoka. Mwendo ulikuwa wa mtu atembeaye. Tulifika hospitali kabla ya alfajiri, na jua lilipochomoza mama alikuwa amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillahi. Shemeji alimwendea dereva, akamshika mkono kwa muda bila ya kusema neno.

Tumeyaandika haya kwa sababu kamati tatu za vyuo vingine zimetuuliza kama nazo ziinue magari yao. Jibu letu si ndiyo wala la. Gari liendalo Mombasa na Malindi juu ya lami litapata hasara tupu: mafuta zaidi, mtikisiko zaidi, na kona za hatari. Liendalo bondeni litafaidika, iwapo inchi hazikuzidi haja na breki hazikusahauliwa. Kabla ya kumwona fundi, tembeeni njia yenu kwa miguu na kupima tuta lililo kubwa kuliko yote. Pimeni mzigo wa siku ya kawaida, wala si wa siku ya sikukuu. Kisha mwiteni mzee dhaifu kuliko wote katika mtaa wenu, mumwombe apande garini nanyi mkimtazama. Na ikiwa mtaliinua, mtafutieni dereva awezaye kusema “hapiti” mbele ya watu wenye haraka, kwa kuwa gari refu humjaza mtu ushujaa usio wake.