Watoto Wanne Katika Fomu ya Nyumba



Mgeni anapoingia katika mji usiomjua, jambo la kwanza linalomdhihirishia ugeni wake ni nyumba. Kazi huenda ameitiwa, na chakula hununuliwa sokoni kwa bei ya kila mtu; lakini mwenye nyumba humtazama na kumuuliza: wewe ni nani, na nani anakufahamu? Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina alifikia nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari, akakaa hapo mpaka msikiti na vyumba vyake vilipojengwa. Tuliikumbuka habari hiyo mara nyingi tulipohama Tanga kwenda Berlin, Ujerumani, baada ya mmoja wetu kupata kazi ya uuguzi katika mji huo.

Kwetu, anayetafuta nyumba humwendea dalali, humlipa ujira wake, kisha humpa mwenye nyumba kodi ya miezi sita au mwaka. Akipatikana na mtu wa kusema, "Huyu namfahamu, ni mtoto wa fulani," shughuli imekwisha. Ujerumani mambo yamepangwa vingine. Tangu mwaka 2015 dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na yule aliyemwagiza. Fedha ya dhamana haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, na mpangaji anaruhusiwa kuilipa kwa mafungu 3. Mwenye nyumba analazimika kuiweka benki, mbali na mali yake, na riba yake huhesabiwa kuwa ya mpangaji. Kuhusu riba hiyo tulimuuliza shekhe wetu mapema, naye akatuelekeza tuwape wenye shida siku tutakapoondoka, bila kuihesabu kuwa ni sadaka yetu.

Hizo ni haki njema, ila huanza pale mtu anapokwisha kukubaliwa kuwa mpangaji. Kabla ya hapo huombwa hati za mshahara wa miezi 3 iliyopita, pamoja na karatasi ya Schufa, taasisi inayoweka kumbukumbu za namna watu wanavyolipa madeni yao. Aliyefika juzi hana hati hizo, wala hana kumbukumbu yoyote, si nzuri wala mbaya. Sheria ya mwaka 2006 inakataza kumbagua mtu kwa asili yake au dini yake, lakini ni nani atakayethibitisha lililomo moyoni mwa mwingine, ikiwa jibu alilopewa ni kwamba nyumba imekwisha kuchukuliwa?

Tulikwenda kuangalia nyumba 17 katika muda wa miezi mitano. Muda wote huo familia moja yenye asili ya Mombasa ilitupa chumba, na watoto wao wakalala sebuleni. Tulijifunza kusoma matangazo: kuna "kodi baridi", yaani ya nyumba peke yake, na "kodi ya joto", iliyojumlisha gharama za kupasha nyumba joto na huduma nyinginezo. Tulijifunza pia kwamba sebule huhesabiwa miongoni mwa vyumba, na kwamba nyumba nyingi hukodishwa bila jiko wala makabati, nyaya za taa zikining'inia darini.

Mtihani mkubwa haukuwa huo. Ndugu mmoja, aliyetutakia kheri kwa dhati, alituambia: "Watoto wanne ndio wanaowafungia milango. Andikeni wawili. Mkishaingia, nani atawahesabu?" Wakati huo mwezi wa nne ulikuwa umekwisha, nasi tulikuwa tukiona haya kila tulipoamka na kuwakuta watoto wa wenyeji wetu wamejikunja juu ya makochi. Usiku ule tulilijadili shauri hilo kwa sauti ya chini. Binti yetu mkubwa, ambaye tulidhani amelala, akauliza: "Mama, ni nani na nani wasioandikwa?"

Mtoto tuliyemfundisha kwamba Muislamu hasemi uongo alitaka kujua tu kama jina lake limo. Tukaandika wanne.

Baadaye tulibaini kuwa hata kwa hesabu za dunia hilo ndilo lililokuwa na nafuu. Anayehamia nyumba mpya hutakiwa kujiandikisha katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2, akiwa na karatasi ya mwenye nyumba yenye majina ya wote waliohamia. Watoto ambao tungewaficha wangeishi nyumbani kwao kwa kujibanza, wakinyamazishwa kila mlango unapogongwa. Na hata kama karatasi hiyo isingekuwapo, tungewezaje kutandika mswala katika nyumba tuliyoipata kwa kuwakana?

Nyumba ya 17 tuliipata kwa sababu mwenyeji wetu, aliyepanga kwa miaka mingi bila kuchelewesha kodi, alituandikia barua na kufuatana nasi. Mwenye nyumba, mzee wa Kijerumani, aliisoma polepole, akayahesabu majina manne, akauliza umri wa kila mtoto. Kisha akasema kwamba ghorofa ya chini inawafaa wanaopenda kukimbiakimbia.

Tunaishi hapo sasa. Tanga tulizoea kuelekea kaskazini katika swala. Hapa tunaelekea kusini mashariki. Utulivu hutakiwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mwezi wa Juni Isha na Alfajiri zote huangukia ndani ya saa hizo, basi twaswali kwa sauti ya chini. Kila Idi inapokaribia tunawapelekea majirani sahani ya visheti na kuwaarifu kwamba wageni watakuja.

Kwa ndugu wanaojiandaa kusafiri, nasaha yetu ni kwamba wachukue vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto wote, pamoja na barua ya mwenye nyumba wa zamani, vyote vikiwa vimetafsiriwa. Na kwa waliokwisha kutulia ugenini, tunawaomba wasiishie kumwombea dua mgeni. Wamwandikie barua na wafuatane naye mpaka mlangoni, wakiwa na uhakika na uaminifu wake. Chumba tulichopewa tulikirudisha. Barua ile bado tunaidaiwa, nasi tunatafuta familia ya kumlipia.

Wabillahi tawfiq.