Kofia na Dawati la Mbele: Wiki Tatu Kisiwani Ukerewe

Ukitaka kufika Ukerewe, njia ni mbili. Ukiwa Mwanza utapanda meli hadi Nansio, mwendo wa saa tatu hivi ziwani. Ukiwa upande wa Bunda utafuata barabara mpaka Kisorya, kisha kivuko kikuvushe hadi Rugezi. Mimi nilipita kwa meli, katikati ya magunia, matenga ya nyanya na akina mama wenye watoto mgongoni. Kisiwa hiki ndicho kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria. Mawe makubwa yamekaa juu ya mawe mengine kana kwamba mtu ameyapanga, na chini yake ni mashamba ya mihogo, viazi vitamu na michungwa. Jioni upepo wa ziwani huleta harufu ya dagaa walioanikwa.

Nilikwenda kumsindikiza binti wa dada yangu. Yeye anasomea ustawi wa jamii, na alikuwa amepangiwa mafunzo ya vitendo, au fildi kama wanavyoita wenyewe, katika shule moja ya msingi kijijini. Mimi ni muuguzi, nilikuwa likizoni. Umoja wetu wa akina mama kanisani ulinikabidhi kofia thelathini za kitambaa, zenye ukingo mpana, tulizozishona wenyewe kwa ajili ya watoto wenye ualbino. Ukerewe inajulikana kuwa na watu wengi wenye hali hiyo. Katika shule ile walikuwa watoto saba.

Binti yetu alianza na daftari la mahudhurio. Aligundua kwamba watoto hao walikosa shule mara nyingi kuliko wenzao. Walimu walikuwa na jibu la haraka: wazazi huwaficha kwa hofu. Hofu hiyo ina sababu. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino walivamiwa na kuuawa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya uongo wa waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri. Watoto wengi waliondolewa makwao wakapelekwa kwenye shule za bweni kama Mitindo, Misungwi, na kituo cha Buhangija, Shinyanga. Mama aliyeyasikia hayo hawezi kusahau upesi.

Lakini tulipokaa nao darasani tuliona jambo lingine. Binti mmoja wa darasa la tatu, nitamwita Binti tu, alikuwa akikaa dawati la nne. Mwalimu akiandika ubaoni, yeye huinuka na kusogea mbele ili asome. Walio nyuma humpigia kelele akae chini kwa sababu anawaziba. Basi alikuwa akirudi kuchungulia daftari la jirani yake, na mwalimu akimwona humgombeza kwa kunakili. Baada ya kugombezwa siku mbili tatu, siku ya nne hakuja shule.

Tulimpima kwa njia rahisi. Tuliandika herufi ubaoni, tukamrudisha nyuma hatua moja moja. Alizisoma akiwa hatua mbili tu kutoka ubaoni. Akili yake haikuwa na kasoro yoyote. Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na macho yasiyoona mbali vizuri, tena macho hayo huchezacheza yenyewe na huumizwa na mwanga mkali. Miwani humsaidia, lakini haimalizi tatizo lote.

Mwalimu wake hakubisha. Siku hiyo hiyo alimhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua. Akaanza kusoma kwa sauti kila anachoandika. Tukampatia kalamu ya wino mweusi badala ya penseli, na kibao cha kuinulia daftari ili asiiname mno. Vitu hivi vyote havikufikia bei ya kilo moja ya nyama.

Jua lilikuwa vita ya pili. Ngozi ya watoto hawa haina rangi ya kuikinga, nayo huungua mapema. Wengine hupata saratani ya ngozi wakiwa vijana wabichi. Lakini shule ilikuwa na kanuni kwamba mwanafunzi asivae kofia mstarini, na sare ilikuwa ya mikono mifupi. Binti yetu alikwenda kwa mwalimu mkuu na barua iliyoandikwa kwa heshima, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili. Kesho yake mstarini akatangaza kwamba kofia pana na mikono mirefu ni sehemu ya sare kwa watoto hawa saba, na kwamba kazi zao za usafi zitakuwa za kivulini. Hakuna aliyecheka.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani kwa Binti. Baba yake, mvuvi, aliondoka mtoto alipozaliwa, akisema hakuna kitu kama hicho katika ukoo wao. Mama akabaki na lawama, na mama mkwe naye hakumwacha apumue. Si jambo geni kisiwani hapa wala kwetu bara. Aniceti Kitereza, mwana wa Ukerewe, katika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, alieleza jinsi ndugu wanavyomlemea mwanamke kwa habari ya uzazi.

Niliomba maharage, mekundu mawili na meupe mawili. Nikampa mama jekundu na jeupe, na bibi nikampa jekundu na jeupe kwa niaba ya mwanawe. Nikawaambia: kila mtoto huchukua moja kwa baba na moja kwa mama. Jekundu likiwapo, jeupe hujificha. Ndiyo maana wazazi wote wawili huonekana weusi kama kawaida. Meupe mawili yakikutana, ndipo huzaliwa mtoto mwenye ualbino. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne.

Bibi aliyapanga maharage yale mwenyewe, akayapangua, akayapanga tena. Kisha akasema polepole, "Kumbe na mwanangu alileta lake." Mama wa Binti aliinama akafuta macho kwa ncha ya kanga. Baba hajarudi, na sisemi kwamba atarudi. Lakini asubuhi iliyofuata ni bibi aliyemleta Binti shuleni, amemshika mkono, kofia kichwani.

Juma la tatu mwalimu aliandika hesabu ya kugawanya ubaoni. Binti alinyosha mkono, akaisoma akiwa amekaa, akatoa jibu. Lilikuwa sahihi.

Mama mwenzangu, huenda katika mtaa wako yupo mtoto kama huyu. Mshonee kofia pana na shati la mikono mirefu. Mpake mafuta ya kukinga jua kabla hajatoka, na umrudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni kwa ajili ya watu wenye ualbino, kwa hiyo ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja kisisubiri, kipelekwe hospitali. Asitembee peke yake njiani, wala asifungiwe ndani. Nenda shuleni umwombe mwalimu dawati la mbele. Na ukimsikia mtu akimlaumu mama yake, chukua maharage manne ukae naye.