Jino Halina Kosa

Mtaani kwetu hapa Tabora, mtu akisema jino linamtikisika, jibu ni moja tu: "Kang'oe." Hakuna anayeuliza linatikisika kwa nini. Kung'oa ni kazi ya siku moja. Sindano, koleo, pamba mdomoni, unarudi nyumbani. Ndiyo maana msimu wa maembe ukifika unawaona wazee wengi wanalinyonya embe badala ya kulimenya kwa meno, na sisi tunasema ni uzee, basi yamekwisha.

Mama yangu hajafika uzee huo. Ana miaka 53, anauza uji na maandazi asubuhi karibu na stendi, na wateja wanamfuata kwa ajili ya maneno yake kuliko hayo maandazi, nisiseme uongo. Mwaka juzi maneno yakaanza kupungua. Akicheka, kanga mdomoni. Mswaki ukawa unatoka mwekundu kila asubuhi, naye akafanya kama wafanyavyo wengi, akaacha kupiga mswaki upande ule unaotoka damu, eti fizi zipumzike. Baadaye ikaja harufu. Halafu meno manne ya mbele, ya chini, yakaanza kucheza.

Mimi nimemaliza kidato cha nne na sina ajira, nina riwaya tu iliyokwama sura ya sita. Kwa hiyo kazi ya kumsindikiza Mama ikawa yangu.

Mahali pa kwanza tulipokwenda sipataji. Yule bwana alimulika tochi, hata dakika mbili hazikufika, akasema, "Mama, haya manne tunayatoa, unapumzika." Mama akauliza bei. Ndugu msomaji, bei yenyewe tulikuwa nayo mfukoni, na hilo ndilo lililonitisha. Ingekuwa ghali tungeondoka bila kufikiri. Mama alinyamaza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikibaki kibogoyo nitamwita nani aje kunywa uji?" Tukaaga kwa adabu, tukatoka.

Wiki iliyofuata tukaenda hospitali ya mkoa, Kitete. Tabibu wa meno aliyetupokea alikuwa dada kijana, umri haujanizidi sana. Yeye hakuanza na koleo. Alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya fizi na jino, akawa anasoma namba na mwenzake anaandika. Fizi nzima, alituambia, kijichuma kinaingia milimita 1 mpaka 3, hakipiti hapo. Kwa Mama namba zilisomeka 5, 6, tena 6.

Halafu akatueleza, na maelezo yale niliyaandika kwenye daftari langu la riwaya. Kila siku meno yanajijengea utando laini uliojaa vijidudu. Huo mswaki unauondoa. Ukiachwa, chumvichumvi za kwenye mate zinaugandisha, unakuwa ukoga mgumu kama ule weupe unaoganda ndani ya birika la chai, na hapo mswaki hauna lake. Fizi inavimba, inatoka damu, inaachana na jino, panakuwa na mfuko. Ndani ya mfuko vijidudu vinastawi bila kuguswa na mtu, na mfupa unaolishika jino unalika kidogo kidogo. "Jino lenyewe halina kosa, Mama," akasema. "Angalia, halijatoboka popote. Mshikio wake ndio unaoliwa."

Kumbe damu ile ilikuwa inatuambia tupige mswaki zaidi, kwa upole, palepale inapotokea!

Tiba ilikwenda kwa awamu nne, kila safari robo ya kinywa. Ganzi kwanza. Kisha vile vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda, anakwangua ukoga juu ya fizi, anashuka chini ya fizi, anafuata mzizi mpaka uwe laini. Hakuna kisu, hakuna nyuzi. Nilikuwa nje kwenye benchi na mlango umerudishwa nusu, nikasikia sauti: kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria la wali. Mama alitoka mdomo umekaa upande kwa ganzi, anataka kusema neno halisemeki. Siku ile nilicheka sana, naye akanipiga kofi la mgongo.

Na mtu asidhani vyuma vya mkono ni tiba ya maskini waliokosa umeme. Kwenye meno yaliyotoboka, mbinu ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine ya kukereza ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Huo ni ugonjwa mwingine, siyo wa fizi, lakini nimeona nitaje kwa sababu nimemaliza shule bila kuisikia.

Pale kwenye benchi nilikuwa na muda mwingi, na riwaya yangu inahusu wapagazi wa njia ya zamani ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji, ambayo Tabora ilikuwa kituo chake kikubwa. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, ndiko Livingstone alikokaa miezi ya mwaka 1872 akisubiri watu kutoka pwani. Huyu mzee aliwahi kumwandikia binti yake kwamba mahindi magumu ya safarini yamemvunja na kumlegeza meno. Yake tunayajua kwa sababu alikuwa na kalamu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi nyuma yake, akitafuna mahindi yaleyale, fizi zake nani aliziandika? Sura ya sita ikaanza kutembea hapo.

Narudi kwa Mama. Tabibu alimpima sukari pia, kwa kuwa kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sukari ilikuwa sawa. Akamuuliza kuhusu tumbaku, Mama akakasirika kidogo. Maji ya chumvi ya uvuguvugu aliyaruhusu, ila akasema yanatuliza tu, ukoga hayautoi. Mswaki uwe laini, uinamishwe kuelekea kwenye fizi, asubuhi na usiku, dawa ya meno iwe na floraidi, na pasafishwe kati ya jino na jino. Mswaki wa mti je? Unafaa, mradi utafunwe mpaka ulainike na ufike nyuma, sio kusugua mbele tu kwa ajili ya watu. Hakutudanganya: mfupa uliokwisha kulika haurudi hivi hivi, tunachofanya ni kuuzuia usiendelee. Na mfuko ukigoma kupungua, upasuaji mdogo unaweza kuhitajika.

Baada ya miezi miwili na nusu akapima upya. Nilikuwa ndani safari hii, nimeshika daftari. Tatu. Tatu. Nne. Jino moja likabaki 5, nalo bado linacheza kidogo ukilisukuma kwa ulimi. Mengine matatu yametulia. Fizi zimeshuka, meno yanaonekana marefu kuliko zamani, na Mama analalamikia hilo kwenye kioo kila siku.

Pale stendi siku hizi uji unapoa wakati anamhoji mteja: "Ukipiga mswaki unatoka damu? Usinifiche." Alhamisi tunarudi Kitete kwa usafi wa miezi mitatu. Jirani yetu mmoja kaomba kufuatana nasi. Pesa ya kung'oa alikuwa ameshaitenga.